Mbingu ya Kuwashwa

Mzee Nazareno Kihwele alikisalimia kitundikio cha makoti.

"Kamwene," alikiambia, akakivulia kofia, akasubiri kujibiwa.

Editruda Gama alikuwa nyuma ya meza ya mapokezi akigawa mabuti kwa wageni. Aliinua uso. Huku juu kabisa ya Ufini, kaskazini ya ziwa Inari, aliwahi kusalimiwa kwa Kijapani, kwa Kireno, hata kwa ishara za mikono. Kwa Kihehe, hapana. Na hakuna mgeni aliyewahi kulisalimia koti.

"Kamwene, mzee," alimjibu. "Huyo unayemsalimia ni mti wa makoti. Hata Kiswahili hajui."

Mzee aligeuka, macho yake yakimtafuta mwenye sauti na kumkosa kidogo, upande wa kushoto. "Nani huyo?"

"Editruda. Mngoni wa Peramiho."

"Mngoni!" Uchovu wa safari ulimtoka usoni kama vumbi lililokung'utwa. Alisogea hadi mezani, akapapasa hewani mpaka mkono ukaipata kofia ya manyoya kichwani mwa Editruda, akaing'oa na kuivaa mwenyewe. "Mateka hana kofia. Tuliwapiga tukawasahau, kumbe mmekuja kujificha kwenye barafu!"

Editruda alifungua dirisha la uani, ambako mbwa wa kukokota sleji walikuwa wakibweka, akapaza sauti: "Veikko! Ingiza mbwa ndani, wote! Mhehe ameshuka!"

Veikko, meneja wa kambi, aliingia mbio na theluji mabegani. Alikuwa akiigusa mashine ya kutafsiri nyuma ya sikio lake kana kwamba imeharibika. "Mgeni ana mzio wa mbwa?"

"Hapana," Editruda alisema. "Ana hamu ya nyama yao."

"Mngoni ana mdomo mrefu," mzee alimweleza Veikko kwa upole, "kwa sababu ya kula panya. Mkia hubaki kooni."

Veikko aliwatazama kwa zamu, huyu na yule. "Mnafahamiana?"

"Babu zetu walipigana vita," Editruda alisema.

"Oh. Poleni sana."

"Usitupe pole. Ndiyo maana amenivua kofia. Mtani wangu huyu. Akifa, mimi ndiye nitakayekwenda kuuzuia mlango wa nyumba yake, nicheke mpaka wafiwa wacheke."

"Atasubiri," alisema mzee, na kofia hakuirudisha.

*

Jua lilikuwa limelala. Wataalamu walikuwa na jina refu zaidi la jambo hilo, lakini maana yake ilikuwa hiyo: kwa miaka zaidi ya kumi uso wa jua haukuwa na madoa ya kutajika, upepo wake ulipungua nguvu, na mianga ya kaskazini, yale mapazia ya rangi yaliyokuwa yakining'inia usiku juu ya nchi hizi, ilififia mpaka watu wakaacha kuingoja. Hoteli zilifungwa. Waongoza wageni walirudi kuvua samaki.

Kisha ikaja Kandili.

Kandili ilikuwa kundi la setilaiti ndogo, kila moja kubwa kama jokofu. Zikipita juu ya kambi zilifyatua mkondo wa elektroni, nazo elektroni zikashuka zikifuata mistari ya sumaku ya dunia, zikaigonga oksijeni iliyoko juu kuliko mawingu yote. Oksijeni iking'aa pale, hung'aa kijani. Juu zaidi hung'aa nyekundu. Kazi ni ileile iliyokuwa ikifanywa na jua tangu dunia iwe dunia. Oksijeni haijui imegongwa na nani.

Wageni nao hawakujua, na hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Kambi ilitangaza kwamba ina wataalamu wanaojua wapi na lini, kwa uhakika wa asilimia mia. Mfanyakazi aliyetamka mbele ya mgeni neno "tunawasha" alikuwa amejifukuza kazi, na kazi ikiisha, kibali cha kuishi nacho kiliisha. Wawili walikwisha kupandishwa ndege kwa sababu hiyo.

Jioni ile Editruda alikaa meza moja na mzee ili amwonyeshe kilipo kijiko na chumvi iko upande gani. Daktari wa Iringa alikuwa ameliita tatizo lake presha ya macho. Taa ikiwaka aliona sura za watu. Kwenye mwanga hafifu, dunia ilimfungia mlango.

"Daktari anasema hata uono huu uliobaki hautamaliza masika," mzee alisema, akilipuliza bakuli la supu ya samaki. "Ndiyo maana watoto wakaniharakisha. Haya, Mngoni, niambie. Wapi, na saa ngapi?"

"Pale ziwani, juu ya barafu. Kesho kutwa, saa kumi na moja jioni."

"Kama basi?"

"Kama basi la Njombe. Ila hili linafika."

"Mnajuaje?"

Editruda alimtazama. Alikuwa amelijibu swali hili mara nyingi, na jibu lilikuwa limekaa mdomoni, laini, lenye maneno kama *takwimu* na *uzoefu*. Lakini mbele yake alikaa mtu mwenye kofia yake kichwani, mtu wa kwao, na lile jibu akalionea aibu.

"Kwa sababu tunawasha wenyewe, mtani," alisema. "Kuna mashine huko juu."

Mzee Nazareno aliweka kijiko chini. Mabega yake yalianza kutikisika, kisha kicheko kikamshinda kabisa, akapiga meza, supu ikamwagika.

"Wangoni! Mliiba ng'ombe, mkaiba wake zetu, sasa mmefika mbinguni!"

Editruda naye alicheka. Ndani ya kile kicheko alisikia kitu kikilegea kifuani. Alikuwa amesema. Hakuna atakayeweza kumwambia hakusema. Kama mzee ameyachukulia kuwa ni utani, masikio ni ya mzee.

*

Kesho yake, adhuhuri, nje kulikuwa na ule mwanga wa buluu ambao huku ndio mchana wa Desemba. Mzee alimwomba Editruda ampigie simu mkewe, nyumbani Kalenga, kwa sababu namba zilikuwa zikimkimbia. Editruda alipiga, akaweka sauti juu, akataka kuondoka. Mzee alimshika mkono wa sweta akamkalisha.

"Nazareno?" Sauti ya mwanamke ilikuwa nyembamba, na kila baada ya maneno machache ilisimama kuvuta pumzi. "Umekula?"

"Nimekula samaki. Nimekutana na Mngoni, ananitesa."

"Mwache akutese, umezidi. Umeiona?"

"Bado. Kesho saa kumi na moja. Wamesema asilimia mia."

Ikasikika pumzi moja.

"Asilimia mia? Anga haina asilimia mia, Nazareno. Hata mvua ya Kalenga haina."

"Hawa ni wataalamu, Mwalimu."

"Haya." Alikohoa, akapumzika. "Sikiliza. Ukiiona usiniletee habari za *nzuri sana*. Nzuri naweza kujitungia mwenyewe. Unakumbuka yule mtoto wa Kidato cha Pili?"

"Nakumbuka."

"Nimefundisha mianga ya kaskazini maisha yangu yote ya kazi, kwa picha moja ya kitabu iliyochakaa mpaka haijulikani ni mwanga au ni mchuzi. Akasimama akaniuliza, Mwalimu, wewe umeiona? Nikamjibu sijaiona, nimeisoma. Darasa zima likacheka." Pumzi. "Sikujali kuchekwa. Lakini nataka mtu mmoja wa nyumba yangu aniambie, nimeiona, ilikuwa hivi. Kabla hatujazimika wote wawili, wewe macho na mimi mapafu."

"Nitakuletea, Twilumba."

"Usiongeze chumvi lakini. Nakufahamu."

Simu ilipokatika, mzee alibaki ameishika kwa mikono miwili, anatabasamu. Editruda alitazama dirishani. Kile kilicholegea kifuani jana kilikuwa kimejikaza tena, na safari hii kilikuwa na jina na sauti inayokohoa.

*

Siku iliyofuata, jioni, chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na joto na harufu ya soksi. Wageni wengine walikwisha kutoka kwenda ziwani, wakicheka na kuteleza. Editruda alikuwa amepiga magoti mbele ya mzee akimfunga kamba za buti.

"Vuta vizuri," mzee alisema. "Leo nimepata Mngoni wa kunivisha viatu. Nikifika nyumbani nitawaambia mambo yamerudi kama zamani."

Editruda alikaza fundo la kamba.

"Umemeza ulimi? Au panya amerudi kooni?"

"Baba," Editruda alisema.

Mzee aliinua kichwa. Kwa siku tatu alikuwa ameitwa mtani, mla mbwa, mzee wa kusalimia makoti. Baba, hakuwa ameitwa.

"Utakachokiona leo kinawashwa. Nilikwambia juzi, ukacheka. Nakwambia tena, na sichezi. Jua limelala. Kuna setilaiti zinapita saa kumi na moja, zinamwaga elektroni, anga inawaka. Ndiyo maana tuna uhakika."

Mzee alianza kucheka, akatafuta kwenye uso wa Editruda mahali pa kukishikiza kile kicheko, akakosa. Kikamfia mdomoni.

"Juzi uliniambia," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Ulijua nitacheka."

"Nilijua. Ndiyo maana nilikwambia vile."

Mzee aliinamisha kichwa. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa buti na mwingine uko wazi. Kutoka ziwani zilisikika sauti za wageni wakihesabu kitu kwa Kijerumani.

"Mtani anaruhusiwa kunivua nguo mbele ya watu," alisema hatimaye. "Anaruhusiwa kulala kwenye jeneza langu. Kunificha ukweli ndani ya utani, haruhusiwi. Hata nyinyi Wangoni mnalijua hilo."

"Tunalijua."

"Wangekufanya nini, ungesema sawasawa?"

"Wangenirudisha nyumbani. Bado wanaweza."

Mzee aliutafuta mguu wake mwingine, akaunyoosha. Editruda aliushika, akaendelea kuufunga, kwa sababu hakujua mikono aiweke wapi tena.

"Ya kweli haipo kabisa?"

"Ipo. Huku tuko chini ya ile pete ya anga inamotokea. Hata jua likiwa limelala, kuna utepe mwembamba, karibu kila siku ya anga safi. Lakini Kandili ikiwaka unafunikwa, na kampuni haiutangazi kwa sababu hakuna anayekuja kutoka mbali kutazama utepe. Ukivuka kilima kile cha nyuma, ukangoja Kandili ipite, ukitazama kaskazini... Mimi huenda siku zangu za mapumziko. Ni wa kijivu. Kwenye mwanga mdogo jicho haliwezi kushika rangi."

"Na macho yangu?"

"Sijui, baba. Huenda usione kitu."

"Na hiki cha ziwani?"

"Hiki utakiona. Ni kikali. Kijani, na nyekundu kwenye pindo, na kinacheza. Wote wanalia."

Hapo ndipo mambo yalipokaa, katikati yao, pamoja na ile harufu ya soksi: kile atakachokiona ambacho sicho, na kile ambacho ndicho asichoweza kukiona. Editruda alitamani mzee amtukane. Alitamani aseme nipeleke ziwani, nani atajua, na kweli hakuna ambaye angejua. Mwalimu Twilumba angesimuliwa pazia la kijani linalocheza, lingefanana na lile la kitabu, na angefurahi.

Mzee alisimama, akamshika bega.

"Umenipa kazi mbaya, Mngoni," alisema. "Iko wapi hiyo pikipiki yako ya theluji?"

*

Walikuwa wamefika nusu ya kilima redio ilipokoroma mfukoni.

"Editruda, mgeni mmoja hayupo ziwani." Ilikuwa sauti ya Veikko. "Kihwele. Umemwona?"

Alisimamisha pikipiki. "Ninaye. Tunavuka kilima."

"Kule hakuna kitu. Kandili ni dakika chache zijazo. Mrudishe."

"Amechagua, Veikko. Nimemwambia."

Veikko hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefunga hoteli ya baba yake kwa mikono yake mwenyewe, mwaka ule taa za kweli zilipofifia.

"Umemwambia nini?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeomba adanganywe.

"Kwamba tunawasha."

"Tutaongea asubuhi," Veikko alisema, akakata.

Upande wa pili wa kilima theluji ilikuwa haijakanyagwa. Editruda alizima injini. Alimshusha mzee, akamsimamisha penye mteremko mdogo, mgongo kwa kambi. Baridi ilikuwa ile isiyo na upepo, inayokaa tu juu ya uso kama kitambaa.

Kandili iliwaka nyuma yao.

Kwanza theluji iligeuka kijani. Kisha vivuli vyao viwili vikatokea mbele yao, virefu, vikicheza ingawa wao walikuwa wamesimama. Kutoka ziwani ulipanda mlio wa watu wengi wakishangaa kwa pamoja.

"Naona kivuli changu," mzee alisema. "Mwanangu, naona kivuli changu!"

"Geuka uangalie, baba. Si dhambi."

Aligeuka. Aliinua uso, na mwanga ukamjaa mashavuni na kwenye mvi za ndevu. Juu yao mapazia yalijikunja na kujikunjua, pindo jekundu likipita kama mtu anayekimbia na kanga, na Editruda, aliyeyaona mara mia, alijikuta naye ameinua kichwa.

"Ni nzuri," mzee alisema. "Tusiisingizie. Nzuri sana." Alijifuta macho kwa mgongo wa glavu. "Aliyeitengeneza ana akili. Lakini sikutumwa hii."

Akaipa kisogo, akangoja.

Ilizimika kama zinavyozimika taa zote za Kandili, pembeni kwanza, kisha katikati. Giza lilirudi. Mzee alinyoosha mkono, Editruda akaushika. Walikaa hivyo mpaka macho ya Editruda yakazoea, nyota zikarudi moja moja, na upande wa kaskazini, juu ya mstari wa misonobari, ukatokea.

Ulikuwa utepe tu. Mgeni angeudhania wingu.

"Upo," alinong'ona. Alimshika mzee mabega, akamgeuza taratibu mpaka uso wake ukaelekea penyewe. "Hapo. Mbele yako kabisa, juu kidogo ya miti."

Mzee alitoa macho. Alisogeza kichwa kushoto, akakirudisha. Akafumba, akafumbua.

"Hapo?"

"Hapohapo."

Alisimama muda mrefu. Editruda aliomba kimoyomoyo, hakujua anamwomba nani, labda jua lenyewe.

"Sioni kitu," mzee alisema.

"Baba, nisamehe. Ningekuacha ziwani..."

"Ungeniacha ziwani ningerudi na uongo mzuri. Nyamaza." Hakuwa na hasira. "Pumzi yako imebadilika ulipouona. Nimesikia. Nipigie Kalenga."

Alipiga, akaweka sauti juu. Upande wa pili simu iliitikiwa kabla haijalia vizuri.

"Nazareno? Umeiona?"

"Mwalimu, kaa vizuri. Kuna mbili. Kuna taa ya watu, wanaiwasha kwa mashine. Hiyo nimeiona, ina kijani chote cha kitabu. Na kuna ya jua, iko mbele yangu sasa hivi, na hiyo macho yangu yameikataa."

Ikasikika pumzi tu, ikienda na kurudi.

"Umejuaje basi kama iko?"

"Yule Mngoni anaiona."

"Mngoni!" Kile kikohozi kilikuwa pia kicheko. "Umekwenda mpaka mwisho wa dunia ukamwamini Mngoni?"

"Huyu ameniharibia safari yote kwa kusema ukweli. Hana cha kupata tena kwa kunidanganya."

"Mpe simu."

Mzee aliisogeza simu hadi mdomoni mwa Editruda, akaishikilia yeye mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu," Editruda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Usiniambie ni nzuri."

"Si nzuri, Mwalimu. Ni ya kijivu."

Editruda alifumba jicho moja, akidhani ameua kitu.

"Kijivu," Mwalimu Twilumba alirudia, kama mtu anayeonja. "Endelea. Imeanzia wapi?"

"Kaskazini-magharibi. Imetoka nyuma ya kilima kidogo, imepanda kama upinde, imeshuka mashariki kwenye miti. Upana wake... nikinyoosha mkono, ni kama vidole vitatu. Ni kama moshi unaotoka chini ya paa la nyasi asubuhi, kabla haujatawanyika. Nyota zinaonekana kupitia ndani yake."

"Zinaonekana?"

"Zinaonekana, Mwalimu. Ndivyo ninavyojua si wingu."

"Vizuri. Inasogea?"

"Inasogea." Alitazama tena. Kando yake mzee alikuwa ameuinua uso kulekule alikogeuzwa, mdomo wazi kidogo, anasikiliza kwa mwili mzima. "Hapana. Subiri, Mwalimu. Sina uhakika."

"Basi sema huna uhakika."

"Sina uhakika."

"Vizuri sana," ilisema ile sauti nyembamba kutoka Kalenga, ikasimama, ikavuta pumzi. "Endelea kuangalia. Nina muda."